Mti wa Boston na Mizigo ya Kuni

Picha huwa inafika mwanzoni mwa Desemba, usiku wa kwetu, wakati kule bado ni jioni. Mdogo wangu wa kike amesimama na mume wake na watoto wanne, wote wamevaa makoti mazito mpaka nyuso hazionekani vizuri, na nyuma yao kuna mti mkubwa uliojaa taa. Mtandao wa hapa Nyarugusu ukiwa mbaya, picha inafunguka kidogo kidogo kutoka juu: kwanza nyota, halafu taa, halafu vichwa vya watoto. Mama anakaa karibu na simu na kusubiri mpaka wajukuu wote watokee. Anawahesabu. Akishamaliza kuwahesabu ndipo anautazama mti.

Mwaka wa kwanza alipouona alisema: "Ule mti wote? Hiyo ni mizigo mingapi ya kuni?"

Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Anayeishi kambini anajua. Mama amekata kuni katika msitu huu tangu mwaka 1997. Amewahi kukamatwa huko nje akanyang'anywa panga na kanga, akarudi mikono mitupu na mguu unavuja damu, na siku ile tulilala bila moto ingawa maharage ya mgao yalikuwemo ndani. Kwake mti ni hesabu. Anaangalia shina, anaangalia matawi, anakuambia utapika siku ngapi. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba mti ule ulikatwa Kanada, ukasafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 1,000, ukasimamishwa katikati ya mji wa Boston kwa wiki chache ili watu wautazame, alinyamaza muda mrefu. Mwishowe akaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa historia katika familia: "Sasa, baba, hao watu wa Kanada wanadaiwa nini?"

Swali zuri. Makala hii ni jibu langu kwake, nimelitafuta kwa miaka michache.

Kwanza niseme jinsi mdogo wangu alivyoingia katika desturi hii, maana hakuitafuta. Kesi ya mume wake ilipita mwaka 2016, wakapelekwa jimbo la Massachusetts, mji unaoitwa Worcester. Sisi, yaani mimi na mama na wanangu, tulikuwa na kesi nyingine, na kesi yetu ilibaki. Desemba yao ya kwanza walikuwa ndani ya nyumba tu, baridi imewafungia, watoto wanalilia kurudi Nyarugusu. Kurudi Nyarugusu! Jirani mmoja, mama wa makamo wa kanisa la karibu, akaja akawaambia wavae, akawapandisha treni mpaka Boston. Pale wanashuka kwenye kituo cha treni cha South Station, wanachukua treni ya chini ya ardhi vituo viwili tu mpaka Park Street, wakipanda ngazi wanatokea kwenye bustani ya Boston Common. Mdogo wangu anasema alipotokea pale juu akaona uwanja mpana uliojaa watu waliosimama tu, alishtuka. Alidhani ni foleni ya mgao.

Hawakuwa kwenye foleni. Walikuwa wanautazama mti, basi. Wengine wamebeba watoto shingoni, wengine wanakunywa chokoleti ya moto, vijana wanateleza kwenye barafu ya bwawa lililo karibu. Hakuna aliyewauliza kadi. Tangu siku hiyo wanakwenda kila mwaka, na kwa desturi ile ile: wanapanda treni ile ile, wanapiga picha upande ule ule, kisha wanakula mikate na mayai waliyobeba kutoka nyumbani kwa sababu chakula cha mjini ni ghali. Mtoto mkubwa sasa ana ndevu na bado anakwenda, ingawa anajifanya hataki.

Jambo la kutazama mti wa hadhara si la zamani sana, hata huko kwao. Miti ya Noeli ya ndani ya nyumba ilitoka Ujerumani na kuenea katika karne ya 19. Lakini ule wa mtaani, wenye taa za umeme, ambao mtu yeyote anaweza kuusimamia bila kukaribishwa, ulianza New York katika uwanja wa Madison Square mwaka 1912, na mwaka huo huo Boston nayo ikawasha wake. Fikra ilikuwa rahisi: mjini kuna watu wengi wasio na mti nyumbani, na wengine hawana hata nyumba. Basi uwepo mti mmoja wa wote. Miaka 19 baadaye, Desemba 1931, wakati ajira imekufa Marekani nzima, mafundi waliokuwa wakijenga majengo ya Rockefeller Center huko New York walichanga fedha zao wakanunua mti wa kama mita 6, wakaupamba kwa mapambo yaliyotengenezwa na familia zao kwa mikono, wakaupanda kwenye tope la ujenzi. Siku ya malipo walipanga foleni karibu nao. Foleni tunazijua sisi, ila hiyo ya kwao ilikuwa na mti. Siku hizi mti wa Rockefeller ndio unaojulikana zaidi duniani, na tangu mwaka 2007 ukishushwa unapasuliwa mbao, mbao zinapewa shirika la Habitat for Humanity kujengea watu nyumba. Hili nilimwambia mama na lilimfurahisha kuliko yote mengine. "Hao ndio wana akili," alisema.

Lakini mti wa Boston una kisa chake, na kisa hicho kinaanza na meli ya msaada.

Tarehe 6 Desemba 1917, asubuhi, katika bandari ya Halifax, jimbo la Nova Scotia huko Kanada. Vita Kuu ya kwanza inaendelea. Meli ya Kifaransa inayoitwa Mont-Blanc inaingia bandarini ikiwa imejaa baruti za kila aina, na juu ya sitaha imepangwa mapipa ya mafuta yanayoshika moto upesi. Meli ya Kinorwe inayoitwa Imo inatoka. Imo ilikuwa tupu, inakwenda New York kupakia chakula cha msaada kwa raia wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Wajerumani. Ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni meli ya msaada wa Ubelgiji, ili isipigwe. Tume iliyoendesha msaada huo iliongozwa na Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani. Ninyi wenzetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, shughuli zenu za leo za malori na maghala zina babu yake hapo: mamilioni ya watu kulishwa kwa miaka, na meli nyingi zikienda na kurudi.

(Niruhusuni jambo moja pembeni. Katika vita hiyo hiyo, wakati dunia inachangia unga wa Wabelgiji, babu zetu wa mashariki ya Kongo walikuwa wamebebeshwa mizigo ya jeshi la Wabelgiji mpaka Tabora, mji uliotekwa Septemba 1916. Wengi hawakurudi. Sijasikia meli iliyoandikwa ubavuni jina lao.)

Meli hizo mbili ziligongana mahali bandari inapobana, karibu saa tatu kasorobo asubuhi. Mont-Blanc ikashika moto. Mabaharia wake walijua wamebeba nini, wakaingia kwenye mashua wakapiga makasia kukimbilia ufuko wa pili. Watu wa mjini hawakujua. Waliona moshi mkubwa na moto wa rangi nyingi, wakasimama madirishani kutazama. Watoto waliokuwa wanakwenda shule walisimama njiani. Ilipofika saa tatu na dakika nne meli ililipuka.

Sitaeleza yote. Waliokufa walikuwa karibu 2,000, majeruhi kama 9,000. Nyumba zaidi ya 1,600 zilisambaratika kabisa, na watu 25,000 hawakuwa na mahali pa kufaa pa kulala. Na kwa sababu wengi walikuwa wamesimama nyuma ya vioo vya madirisha, vioo viliingia machoni: majeraha ya macho karibu 5,900 yaliandikwa. Wimbi la maji lilipanda ufuko wa pili likafagia makazi ya wenyeji wa asili, Wami'kmaq, mahali palipoitwa Turtle Grove. Kesho yake ikaja dhoruba ya theluji. Hebu fikiria: nyumba haina paa, dirisha halina kioo, na theluji inaingia.

Yupo mtu mmoja ambaye huwa nawasimulia wanafunzi wangu, jina lake Vince Coleman, mpiga simu za upepo wa reli. Aliambiwa meli ina baruti, akaanza kukimbia, akakumbuka kwamba treni ya abiria inakuja. Akarudi mezani kwake akapiga ujumbe treni isimamishwe, akawaaga wenzake wa upande wa pili. Alikufa pale pale. Ujumbe wake ndio mmoja wa habari za kwanza zilizotoka Halifax kwenda duniani, kwa sababu mlipuko ulikata nyaya.

Sasa Boston. Gavana wa Massachusetts, Samuel McCall, alisikia habari nusunusu asubuhi hiyo hiyo. Alituma salamu Halifax kuuliza wanahitaji nini. Hakupata jibu, nyaya zimekatika. Hakungoja. Usiku wa siku ile ile, saa nne hivi, treni ilitoka Boston ikiwa na madaktari, wauguzi na dawa, chini ya mtu anayeitwa Ratshesky. Theluji iliwazuia njiani, wakachimba reli, wakafika asubuhi ya tarehe 8. Yaani hata siku mbili kamili hazikupita.

Hapo ndipo mimi husimama kidogo ninapofundisha. Hapakuwa na ujumbe wa kutathmini kwanza. Hapakuwa na kuandika majina mara tatu. Najua mtaniambia, na mtakuwa mmesema kweli, kwamba mji mmoja uliolipuka si sawa na watu wanaovuka ziwa kwa miaka 30, na kwamba pasipo orodha wenye nguvu ndio wanaokula. Nakubali. Orodha zilikuja hata Halifax, nitafika huko. Ila ile treni ya kwanza iliondoka bila orodha, na watu wa Halifax hawakuisahau.

Massachusetts walitoa fedha na vitu vya zaidi ya dola 750,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Waliojengewa nyumba za muda kwenye uwanja wa maonyesho walipatiwa na samani, na nyumba zile za muda zikapewa jina la gavana McCall. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Sisi hapa tuna majengo mangapi yenye jina la mfadhili ukutani?

Desemba iliyofuata, 1918, Halifax ikatuma mti wa Noeli Boston kusema asante. Mara moja tu, basi. Miaka ikapita. Mwaka 1971 wakulima wa miti ya Noeli wa wilaya ya Lunenburg, Nova Scotia, wakaifufua desturi: kila mwaka mti mmoja kwenda Boston. Tusidanganyane, walikuwa pia wanatafuta soko. Marekani hununua miti hiyo kwa wingi. Baadaye serikali ya jimbo ikaichukua kazi hiyo. Mimi sioni aibu ndani yake. Mama yangu naye akimpelekea jirani bakuli la mihogo anajua kwamba bakuli halirudi tupu.

Siku hizi ni sherehe. Wataalamu wa misitu wanatafuta mti wa mita 12 mpaka 15 hivi, mnyoofu, usio na upande mtupu. Mara nyingi unapatikana kwenye uwanja wa mtu, wala si msitu wa serikali: familia fulani ilipanda mche miaka mingi iliyopita, sasa umekuwa mrefu kuliko nyumba, nao wanakubali kuutoa. Wanafunzi wanakuja kuimba, kreni inaushika kwa juu, msumeno unakata chini, unalazwa kwenye lori refu na kufungwa matawi. Unapita Halifax kuagwa, kisha safari. Boston wanaupokea, wanauvisha maelfu ya taa, na jioni ya kuwasha watu wanajaa uwanjani. Familia nyingi zimekuja hapo tangu babu zao. Mdogo wangu anasema ukiuliza, wengi wanajua kwamba mti umetoka Kanada kwa sababu ya mlipuko. Mtoto wake alijifunza kisa hicho pale pale uwanjani, akaja kunisomesha mimi, mjomba wake mwalimu.

Basi nilimjibu mama kwamba wale watu hawadaiwi kitu. Wanashukuru.

Mama akasema, "Wote?"

Hapo nikarudi kusoma tena, na nikakuta jambo ambalo halisemwi siku ya kuwasha taa. Ukingoni mwa Halifax palikuwa na kijiji cha watu weusi kiitwacho Africville. Wengi wa wazee wao walitoroka utumwa Marekani wakati wa vita ya 1812 mpaka 1815, wakapelekwa Nova Scotia na meli za Waingereza. Katika vitabu vya historia ya Kanada watu hao wanaitwa "Wakimbizi Weusi". Ndiyo, wakimbizi, miaka zaidi ya mia moja kabla UNHCR haijazaliwa. Mwaka 1849 walikuwa tayari wana kanisa lao.

Mlipuko uliwapata na wao. Lakini msaada ulipogawanywa, wao na Wami'kmaq walipata kidogo sana. Tume ya misaada iliangalia ulikuwa na nini kabla: mwenye nyumba nzuri alijengewa nyumba nzuri, mwenye kibanda alipewa kidogo, na rangi ya ngozi ilihesabiwa bila kuandikwa. Mtaa mpya wa nyumba imara ulijengwa, unaitwa Hydrostone, upo mpaka leo na watu huenda kuutembelea. Africville haikujengwa. Haikuletewa maji ya bomba wala mfereji wa maji machafu, ila jalala la mji lililetwa karibu yao. Katika miaka ya 1960 mji ukaamua kukivunja kijiji chenyewe. Kanisa lilibomolewa usiku, mwaka 1967. Baadhi ya familia zilihamishwa na vyombo vyao kwenye magari ya takataka. Nyumba ya mwisho ilivunjwa mwaka 1970. Mji uliomba radhi mwaka 2010.

Mwaka 1970 nyumba ya mwisho, mwaka 1971 mti wa kwanza wa shukrani ile iliyofufuliwa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ni miaka tu imefuatana. Lakini mimi siwezi tena kuziona taa zile bila kuuliza nani alishukuru kwa niaba ya nani. Kila ugeni mkubwa unapokuja kambini, sisi hupanga watoto waimbe asante. Nimewafundisha mimi mwenyewe nyimbo hizo. Hakuna ubaya, wageni wengine wanastahili kweli. Ila kila mara kuna mtu kwenye blok fulani ambaye kadi yake ilifungwa kwa kosa la herufi moja katika jina, na yeye wimbo ule unaimbwa pamoja naye.

Kuna mti mwingine ambao lazima niutaje, kwa sababu huo ulitoka kwa mkimbizi kabisa. London, katika uwanja wa Trafalgar Square, kila Desemba husimama mti wa zaidi ya mita 20 uliotolewa na mji wa Oslo, Norwe. Wajerumani walivamia Norwe Aprili 1940. Mfalme Haakon wa Saba alikimbia kaskazini na serikali yake, wakilala msituni wakati ndege zinawatafuta, na tarehe 7 Juni akapanda meli ya kivita ya Waingereza katika mji wa Tromsø. Alikaa Uingereza miaka mitano kamili, akarudi kwake tarehe 7 Juni 1945. Kwa hiyo mfalme naye alikuwa mkimbizi. Alikuwa na nyumba nzuri kuliko zetu, lakini alisikiliza redio usiku kama tunavyosikiliza sisi, akitafuta habari za nyumbani.

Husimuliwa kwamba mwaka 1942, mpiganaji wa Kinorwe aliyevuka kwa siri kwenda kushambulia kwao, alikata mti kwenye kisiwa kimoja akarudi nao Uingereza, ukapewa mfalme. Kisa hicho nakipenda kuliko mti wenyewe wa Trafalgar. Mtu ameingia nyumbani kwake kwa kujificha, kifo kiko kushoto na kulia, halafu anabeba mti! Nilipomsimulia mama hakushangaa hata kidogo. Alisema mwaka ule kaka yake mkubwa aliporudi Fizi kuangalia kama nyumba ipo, aliambiwa alete habari na akaleta habari, lakini alileta pia chupa ya mawese. Nyumba haikuwepo. Mawese tuliyala siku tatu, mama akiyapima kwa kijiko.

Mti wa Oslo wa kila mwaka ulianza 1947. Angalieni tarehe. Haukuanza 1940 wala 1943, wakati mfalme anakula chakula cha Waingereza. Ulianza walipokuwa wamerudi kwao, wana msitu wao na misumeno yao, wanaweza kuchagua mti na kusema huu ni wetu, tunautoa. Na Halifax ni hivyo hivyo: mti ulitoka kwenye ardhi yao. Waingereza nao wanaupokea, taa zake zinafungwa kwa mistari iliyonyooka kutoka juu mpaka chini kama wafanyavyo Wanorwe, watu huimba chini yake na kuchangisha fedha za misaada. Ukishushwa, mwanzoni mwa Januari, unasagwa kuwa mbolea ya bustani. Familia za London huenda kuutazama na kuukosoa pia. Mwaka 2021 walilalamika kwamba ni mwembamba na matawi yamenyonyoka. Zawadi ya watu, tena ya shukrani, na bado wanaukosoa! Hapo nikajua wameuzoea mpaka umekuwa wao.

Desemba iliyopita mpwa wangu wa nne, aliyezaliwa huko huko, alipiga simu ya picha kutoka uwanjani. Kesi yetu imesimama. Safari zote za Marekani zilisimamishwa Januari 2025, na sina jipya la kumwambia mdogo wangu zaidi ya analosikia kwenye taarifa. Kwa hiyo tunaongea mambo ya mti. Mtoto akauliza kwa Kiswahili chake cha kukwaruza: "Mjomba, sisi tutawapa Tanzania mti gani?"

Nilimweleza kwamba hapa miti si yetu. Miche tunagawiwa, tunapanda, tunamwagilia, na wengi wetu tumepanda miembe mbele ya nyumba za udongo. Wanaoondoka wanaiacha. Mwembe wa nyumba yao, ule baba yake alioupanda, uko bado, umezaa sana mwaka jana, na sasa wanakaa watu wengine pale. Huwezi kukata mti wa ardhi usiyo yako ukasema ni zawadi. Na ukiukata tu, utaulizwa kibali.

Hakuelewa. Kwake mti uliopandwa na baba ni wa baba.

Mama akaomba simu. Akamwambia mjukuu asogee mpaka kwenye shina, aonyeshe unene wake. Mtoto akasogea, lakini kuna uzio umezunguka, kwa hiyo akanyoosha mkono na simu juu ya uzio. Picha ikatikisika, tukaona gome, nyaya nene za umeme na theluji iliyokanyagwa. Mama alitazama kwa makini, jicho moja amelifumba.

"Arobaini," akasema. "Labda na mmoja. Matawi sijahesabu."

Kisha akamuuliza kama amekula.